Karatasi Inayoishia Darajani

"Karatasi yako inafia darajani, Bekir! Unanisikia? Darajani! Toka pale mpaka kwa mama yako ni kilomita mia saba, na hizo zote utakuwa yatima barabarani."

"Kaka Mürsel, nimekwambia unipishe. Sijakuita."

"Hujaniita, ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Wewe ni mtu wa kuita? Mwezi wa nne nilipokuita mimi, ulikuja?"

Bekir alikuwa amelala chali chini ya gari lake, miguu nje, mafuta meusi yakimdondokea karibu na sikio. Kutoka pale chini alichokiona cha Mürsel ni kandambili tu na vifundo viwili vya miguu vilivyonenepa. Lakini hakuhitaji kuona zaidi. Miaka saba ya kuishi chini ya mtu inatosha kumjua. Alijua Mürsel ameshika glasi ya chai mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika ile karatasi ya bima ya kuharibikiwa njiani, aliyoiokota juu ya boneti bila kuambiwa na mtu aiguse. Alijua pia kwamba madirisha yote ya uani yamefunguka. Jengo lile la Duisburg lilikuwa hivyo: ukipiga chafya chini, ghorofa ya nne wanakuombea afya, na kabla ya jioni wa jengo la pili wanajua una mafua ya aina gani.

"Soma hapa," Mürsel akaendelea, sauti ya kutangazia kijiji. "'Ulaya.' Wamekuandikia Ulaya. Ulaya inaisha Istanbul, kwenye daraja. Ukivuka ni Asia, na Asia hawakujui. Gari likifa ng'ambo, unapiga simu, wanakuuliza, uko wapi bwana? Unasema niko Uturuki. Uturuki ipi? Ile ya huku au ile ya kule? Unasema ya kule. Wanakata simu."

"Nchi ni moja!"

"Kwako wewe ni moja. Kwa mwenye karatasi ni mbili."

"Aliyeniuzia alisema Uturuki ni Ulaya. Akasema, timu zetu hazichezi kombe la Ulaya?"

Hapo uani watu wakacheka mpaka mtu mmoja akapaliwa na chai. Na kweli dalali wa mgahawa wa chai ndivyo alivyosema, akiwa anazungusha kijiko kwenye glasi. Bekir naye akaona hoja ina kichwa na miguu, akatia saini.

Dirisha la ghorofa ya chini likafunguliwa kwa kishindo. "Bwana Bekir! Leo ni Jumapili!"

"Najua ni Jumapili, mama."

"Kama unajua, nyundo ya nini? Jumapili watu wanapumzika! Na hayo mafuta kwenye mawe ya uani, nani atayasugua? Mimi?"

Huyo alikuwa Bibi Schimanek, mjane wa mchimba makaa, Mjerumani pekee aliyebaki katika ngazi ile. Jumatatu ni yeye aliyekagua kama ngazi zimepigwa deki, na Jumapili ni yeye aliyelinda ukimya kama askari wa makaburini.

"Hata mimi namwambia apumzike, Bibi Schimanek," Mürsel akamjibu kwa Kijerumani chake cha kiwandani. "Gari lenyewe limeshapumzika tangu jana."

"Na wewe Bwana Mürsel unapiga kelele kuliko nyundo. Hiyo karatasi ni ya nini? Ilete hapa."

Mürsel akapanda kwenye ngazi ya kuingilia, akanyoosha mkono mpaka dirishani. Bibi Schimanek akavaa miwani, akaisoma mpaka nyuma kabisa, kule kwenye maandishi madogo kama mayai ya chawa. Bekir naye akajivuta kutoka chini ya gari, akakaa mavumbini, akisubiri kama mtu aliye mbele ya hakimu.

"Bwana Mürsel amesema kweli," akasema Bibi Schimanek. "Ulaya kwa maana ya kijiografia. Sehemu ya Asia ya Uturuki haimo. Pole, Bwana Bekir." Akairudisha karatasi. "Lakini nyundo uache."

Dirisha likafungwa.

Hebu tuseme ukweli: siku nyingine Bekir angecheka na wenzake. Alikuwa mtu wa utani, ndiye aliyekuwa akiwachekesha wenzake tanuruni wakati wa zamu. Lakini tangu Alhamisi hakuwa na kicheko ndani yake. Alhamisi mdogo wake alimpigia simu kutoka posta ya wilaya, kule nyumbani karibu na Kırşehir, akipiga kelele kana kwamba simu ni bomba. Mama macho yanaondoka. Ni ule ugonjwa wa presha ya macho, uligunduliwa umechelewa. Sasa kabla hajakutaja jina, anakushika uso kwa mikono miwili. Daktari wa Ankara amesema mwanga uliobaki ni wa wiki mbili, tatu ukizidi. Kisha sarafu zikadondoka kwenye simu, mdogo wake akamalizia: "Amesema hivi: nileteeni mtoto wa Bekir nimwone sura. Sauti yake nitaisikia hata nikiwa kipofu."

Mtoto wa Bekir aliitwa Nilay, alikuwa na miaka sita, na bibi yake hakuwahi kumwona hata siku moja. Si kwa ubaya. Mwaka wa kwanza mtoto alikuwa mchanga. Wa pili pasi yake ilichelewa. Wa tatu kiwandani walipunguza watu na Bekir aliogopa hata kuugua, seuze kuomba likizo. Halafu walihama nyumba, halafu walinunua gari ili waende, halafu gari lilikuwa na hili na lile. Kila mwaka ulikuwa na mwakani wake. Sasa mwakani zilikuwa zimekwisha zote.

Likizo ya kiwanda ilianza Ijumaa. Jumamosi alfajiri walipakia: mazulia mawili juu ya keria, turubai, kamba, ndoo, birika la chai, pembetatu ya hatari, sanduku la huduma ya kwanza, feni belti ya akiba, dumu mbili za maji, chokoleti za watoto wa ukoo mzima. Gülizar, mke wa Bekir, alimwaga maji nyuma ya gari ili safari iteleze kama maji, wakaondoka wanapungiwa mikono. Hawakumaliza kilomita arobaini. Kwenye barabara kuu mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho, moshi mweupe ukatoka nyuma kama wa treni. Akaja fundi wa chama cha waendesha magari, kijana mwenye fulana ya njano, akafungua, akanusa, akatikisa kichwa, akaandika karatasi ya njano yenye nakala mbili. Moja akampa Bekir. Wakavutwa kwa kamba mpaka nyumbani, na watu walewale waliowapungia mikono wakaishusha polepole.

Jumapili hiyo, baada ya Mürsel kupanda kwake na watu kurudi ndani, alibaki uani Selami peke yake. Selami alifanya kazi tanuruni na Bekir, na kila mwisho wa wiki alikuwa fundi wa mtaa, asiye na cheti lakini mwenye masikio. Alikuwa ameinama kwenye injini tangu asubuhi, nyundo ya Bekir haimhusu.

"Nikwambie kama ndugu au kama fundi?"

"Kama fundi."

"Gasketi imeungua na silinda hedi imepinda. Gasketi ningekubadilishia leo hii hii. Hedi iliyopinda inataka kuchongwa kwenye mashine. Karakana yenye mashine ipo moja huku kwetu, nayo imefunga. Wamekwenda likizo, kama wewe."

"Mpaka lini?"

"Wiki tatu."

Bekir akaangalia mikono yake. "Na kama ndugu?"

"Kama ndugu, panda treni."

"Treni ya Istanbul imejaa mpaka mwezi ujao. Nimekwenda stesheni jana na leo. Ndege ndiyo usiseme. Nimempa yule wa dirishani namba ya simu ya jengo, ile ya chini ngazini, nimempa mpaka jina la mama yangu. Amesema mtu akifuta safari atanipigia. Nani atafuta, Selami? Mwezi wa saba? Labda afe."

Selami akawasha sigara, akavuta, akaitazama injini kama mtu anayetazama mgonjwa aliyekwisha toa kauli ya mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Pilipili."

"Nini?"

"Pilipili ya unga. Unaimwaga kwenye rejeta. Inakwenda inaziba panapovuja. Wazee walikuwa wanafanya. Haiponyi. Inadanganya tu."

Mfa maji haachi kutapatapa. Bekir alipanda kwake, akarudi na mfuko wa pilipili ambao Gülizar aliusaga kwa ajili ya mwaka mzima. Wakaumwaga nusu. Wakajaza maji, wakawasha. Injini ikakohoa, ikajikusanya, ikanguruma. Dakika tano. Dakika kumi. Mshale ulisimama katikati, umetulia kama mtoto aliyeshiba. Dakika ishirini, na moshi hakuna.

"Hii itakufikisha Austria," akasema Selami. "Labda Zagreb, ukiomba dua sana. Milima hapana. Usiniulize zaidi ya hapo."

Lakini Bekir alikuwa hamsikii tena. Wazo lilikuwa limemwingia, nalo halikubisha hodi.

Mürsel alikuwa anaondoka Jumanne asubuhi. Msafara wa magari matatu: lake, la mwanawe, na la mkwewe wa Essen. Kila mwaka alisafiri hivyo, na kila mwaka watu walimcheka, maana Mürsel hakuzidisha kilomita themanini hata barabara ikiwa nyeupe, na alisimama kila penye mti. Lakini msafara wake ulikuwa na sheria moja, na sheria hiyo hakuna aliyeicheka: mmoja akisimama, wote wanasimama. Hakuna kumwacha mtu njiani, hata ikiwa siku tatu, hata ikiwa kamba ya kuvutia ndiyo inayobaki. Mwezi wa nne Mürsel alimwita Bekir mbele ya watu, akamwambia, njoo tukakate bima pamoja kule kule chamani, ile ndefu, mpaka kijiji cha mwisho, halafu uingie kwenye msafara wetu. Bekir alimjibu nini? Alimjibu: "Bima ya waoga hiyo. Na mimi sina mwaka mzima wa kunusa moshi wa gari lako." Watu walicheka sana siku ile. Mürsel hakucheka.

Sasa Bekir alipiga hesabu hii. Gari limepona, angalau kwa macho. Nikipanda kwake nikamwomba radhi, nikasema nimeshatengeneza, atanitia kwenye msafara. Likifa Zagreb, likifa Niš, sheria ni sheria: watanivuta. Mtoto atafika.

Gülizar alisimama kwenye mlango wa uani, mikono imejaa unga, amemwona mumewe akilitazama gari kwa macho ambayo hakuyapenda.

"Linaunguruma," akasema Bekir.

"Nasikia. Pilipili yangu iko wapi?"

Bekir akafunga boneti.

"Bekir. Ökkeş umemsahau?"

Nani angemsahau? Gari la Ökkeş, jirani yao wa zamani, lilikufa karibu na Sivas mwaka juzi. Na forodhani unapoingia nalo, gari wanaliandika kwenye pasi yako. Umeingia nalo, utatoka nalo. Lisipotoka na wewe hutoki. Ökkeş alikaa siku arobaini kwenye ua wa gereji akisubiri kipuri kutoka Ujerumani, gari limekufa kama ng'ombe, yeye analala ndani yake. Aliporudi, kazi ilikuwa ya mtu mwingine. Kazi ikienda, na kibali cha kukaa kinafuata. Sasa hivi Ökkeş anauza matikiti kando ya barabara huko kwao, na mkewe hasemi naye.

"Bila karatasi ya kule ng'ambo mimi sipandi," akasema Gülizar. "Mama yako ni mama yangu. Lakini sitaki kumpelekea mjukuu halafu tubaki naye kijijini tukiomba unga."

"Kesho nitakwenda chamani. Nitalipia ya kule."

"Basi nenda."

"Nitakwenda!"

"Usinifokee mimi. Siyo mimi niliyekuuzia karatasi kwa kijiko cha chai."

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa chama cha waendesha magari kabla hawajafungua. Karani alikuwa binti mpole, mwenye herini ndogo, na Bekir alipomweleza alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo lilimpa moyo kuliko lilivyostahili. Ndiyo, akasema, inawezekana kuongeza sehemu ya Asia. Inaanza kufanya kazi leo saa sita za usiku. Jina? Namba ya gari?

Bekir akataja. Akahisi kifua kimefunguka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Akaanza kupanga: leo napakia upya, kesho alfajiri, Jumamosi tuko kijijini, Jumamosi mama atamshika mtoto uso na atamwona pia.

Binti akaenda kwenye kabati, akavuta droo, akarudi na nakala ya karatasi ya njano.

"Bwana, gari hili limo kwenye kumbukumbu zetu tangu juzi."

"Ndiyo, walinivuta. Limeshatengenezwa."

"Hapa fundi wetu ameandika, gasketi imeungua, lisitumike kwa safari ndefu. Siwezi kuongeza bima kwenye gari tunalolijua ni bovu. Niletee barua ya gereji yenye mhuri, kwamba limerekebishwa. Nitakukatia papo hapo."

"Dada, mama yangu anapofuka." Hakujua kwa nini alisema hivyo. Kijerumani chake kilikuwa cha tanuruni, cha vuta, sukuma, angalia kichwa, na maneno hayo yalitoka yamelala upande. "Ana wiki mbili za kuona. Mimi nina mtoto. Hajamwona."

Binti akamtazama, na macho yake yalikuwa ya huruma kweli, na Bekir akaelewa kwamba huruma ile haina mhuri.

Alizunguka gereji tatu. Ya kwanza ilikuwa na kibao mlangoni: likizo. Ya pili fundi alifungua daftari akamwambia, Alhamisi ya wiki ijayo, na hapo nimekupenyeza. Ya tatu fundi mzee alikubali angalau kutazama. Akafungua mfuniko wa rejeta. Akanusa. Akachovya kidole, akakitazama kilivyokuwa chekundu.

"Umepika supu humu?"

Fundi akafuta kidole kwa kitambaa.

"Kijana, mimi naweza kukupigia mhuri. Mhuri upo pale mezani. Halafu ukafie na watoto mlimani, wanasema nani aliyepiga mhuri? Peleka gari nyumbani. Polepole. Na heta uwashe, itakusaidia kupoza."

Alirudi akiendesha kwa kilomita thelathini, heta imewashwa mpaka mwisho, mwezi wa saba, jasho likimtiririka mpaka kwenye viatu. Alipoingia uani mshale ulikuwa umeanza kupanda tena. Si sana. Upana wa kidole. Mtu asiyejua asingeuona.

Mürsel alikuwa juu ya keria ya gari lake anafunga turubai, mwanawe chini anavuta kamba. Mkwemwana wao alikuwa amekaa kwenye kiti kando, tumbo la miezi saba, anakula cheri na kutema mbegu kwenye kiganja ili Bibi Schimanek asimwone. Binti huyo alimsalimia Bekir vizuri, akamuuliza, "Vipi kaka, gari limepona?"

"Linaunguruma," akajibu, akapita.

Hakuingia kwake. Alikaa kwenye ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, akaona Mürsel anampita kupanda, akamsikia anaingia kwake na kufunga mlango. Bekir akajaribu maneno. Kaka Mürsel, nimekosa, mimi ni mdogo, wewe ni mkubwa. Gari nimeshatengeneza. Selami amebadilisha gasketi. Karatasi nimekata asubuhi, ile ndefu. Yalikuwa maneno mepesi, hayakuwa na uzito hata wa kilo. Kichwani mwake aliona barabara ile ya Yugoslavia, njia moja kwenda na kurudi, malori, misalaba na mashada ya maua kando, na magari manne yamesimama juani kwa sababu ya moja. Akamwona mkwemwana wa Mürsel amekaa kwenye jiwe, siku ya kwanza, siku ya pili. Akamwona na mama yake mwenyewe kule kijijini, ameelekeza uso mlangoni kila mbwa akibweka. Akasimama.

Alibisha. Mürsel alifungua mwenyewe, kifua wazi, taulo shingoni.

"Ahaa. Bwana Ulaya."

"Kaka Mürsel."

"Leo mimi ni kaka. Jana nilikuwa nani?"

"Jana ulisema kweli. Na mwezi wa nne ulisema kweli."

Mürsel hakutegemea hilo, maana alikuwa ameshafungua mdomo kwa tusi la pili, akaufunga. "Nimesikia gari linanguruma. Umetengeneza?"

Maneno yote yalikuwa tayari. Bekir alifungua mdomo nayo yakakataa kutoka.

"Hapana," akasema. "Nimetia pilipili kwenye rejeta."

"Pilipili!"

"Nusu mfuko. Ilishika jana. Leo imeanza kuachia. Chamani wamenikatalia, wana karatasi yangu ya njano. Gereji zimenikatalia. Nilikuwa nakuja kukudanganya, kaka. Nilitaka nikwambie limepona, uniingize kwenye msafara, likifa mnivute. Nimeyapanga maneno hapo kwenye ngazi dakika ishirini."

"Nikuvute! Mimi nina mkwemwana mjamzito, kichwa maji wewe!"

"Najua. Nimemwona anakula cheri."

Mürsel akajishika kiuno. Uso ulikuwa umemwiva. "Ungeniua na kizazi changu njiani, halafu unakuja kuniambia mlangoni kwangu, kwa mdomo wako? Unataka nini sasa? Nikupongeze?"

"Mchukue Nilay," akasema Bekir. "Mchukue Nilay na mama yake. Mimi nitabaki. Kırşehir iko njiani kwako, mdogo wangu atawapokea barabara kuu, hata hutaacha lami. Sikuombi kitu kingine maisha yangu yote. Mazulia ya kwenye keria yangu, chukua. Chokoleti, chukua. Mama amesema anataka amwone sura."

Ndani jikoni, kitu kilichokuwa kinakatwa kikaacha kukatwa.

"Nafasi ninayo moja na nusu," Mürsel akasema hatimaye, na sauti ilikuwa imeshuka. "Mtu mzima mmoja na mtoto wa kupakata. Wewe huingii hata nikikukunja."

"Najua."

"Hujui. Fikiri vizuri wewe mtu. Likizo ikiisha, mpaka mwakani. Mwakani utamkuta gizani. Mjukuu atamwona, wewe hatakuona."

"Mimi sura yangu anaijua," akasema Bekir. "Kanitazama miaka ishirini na mbili. Yule hajamtazama hata siku moja."

Akashika fremu ya mlango, maana ngazi zilianza kumzunguka. Alikumbuka kwamba hajala tangu Jumamosi, ila chai na sigara za Selami. Hakulia. Ilikuwa mbaya kuliko kulia: alisimama pale akipumua kwa mdomo kama mtu aliyepandisha mzigo ghorofa ya mwisho na kukuta mlango siyo.

Mürsel alitazama ukuta. Alitazama kandambili zake. Kisha akageuka, akapaza sauti kupitia dirisha la ngazi kwa mwanawe aliyekuwa bado uani, ile sauti yake ya kutangazia kijiji: "Panda juu ya keria, fungua kamba! Shusha lile sanduku la vyombo la shangazi yako! Ndiyo, lote! Atakula kwenye majani mwaka huu!" Akamgeukia Bekir, kidole kifuani pake. "Saa kumi na moja kamili alfajiri. Dakika tano nikiwasubiri, naondoka. Na pasi ya mtoto uiangalie leo, siyo kesho forodhani. Wewe na karatasi ninyi hamwelewani."

"Mwambie mama..." Bekir akaanza.

"Nimwambie nini? Kwamba umeegesha gari uani?"

Neno lilipomtoka tu Mürsel akajuta, akakuna kifua kwa taulo. "Nitamwambia," akasema. "Nitajua la kumwambia."

Hapo pazia la jikoni likavutwa, akatokea Dürdane, mke wa Mürsel, mwanamke mwenye mabega kama ya mumewe, kisu bado mkononi, macho mekundu, akisingizia vitunguu. Hakuna lililompita.

"Ninyi mmeona wapi watu wanaongea mambo ya mama mlangoni, kama wasoma mita?" akasema. "Mürsel, vaa shati. Bekir, shemeji yangu, uso wako umekuwa wa maiti. Vua viatu. Na mwanangu akamwite Gülizar na mtoto, waje wote, yatakayosemwa yasemwe watu wameshakaa. Dengu zimeiva, wali upo, na mkate umetoka sasa hivi. Usisimame hapo kizingitini kama unaidai nyumba. Ingia, ule."